Fizikia: Kwa nini wanafunzi hukwama kabla ya kufika kwenye fomula

MWALIMU wa Fizikia anapomaliza kuandika swali ubaoni, sauti ya kwanza inayosikika darasani huwa ni ile ile: “Mwalimu, tutumie fomula gani?” Swali hilo huulizwa kwa nia njema, na aghalabu huulizwa na mwanafunzi mwenye bidii. Hata hivyo, ndimo ulimojificha ugonjwa unaowafanya maelfu ya vijana kulichukia somo hili. Mwanafunzi anatafuta fomula kabla ya kujua ni jambo gani linalotendeka katika swali.

Gharama ya ugonjwa huo si ndogo. Katika mfumo wa 8-4-4 unaoelekea ukingoni, shule nyingi zimekuwa zikiwaruhusu wanafunzi kuliaga somo la Fizikia wanapomaliza kidato cha pili, na wengi wamefanya hivyo na kubaki na Kemia na Biolojia. Chini ya mtaala wa umilisi, CBC, uamuzi unakuja mapema hata zaidi: mwanafunzi wa Gredi ya 9 anachagua mkondo mmoja kati ya mitatu, na Fizikia imo katika ule wa sayansi na teknolojia. Anayelikimbia somo hili huwa amejifungia milango ya kozi nyingi za uhandisi kabla hajafikisha umri wa kupata kitambulisho. Jambo la kusikitisha ni kwamba uamuzi huo mara nyingi hutokana na maswali machache aliyoyakosa, si kwa sababu akili yake ni nzito, bali kwa sababu hakuna aliyemwonyesha namna ya kuyakabili.

Utafiti mmoja unaotajwa sana na wataalamu wa elimu unaonyesha mahali penye tatizo. Mnamo 1981, Michelene Chi, Paul Feltovich na Robert Glaser wa nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lao, ambapo waliwapa watu maswali ya Fizikia na kuwataka wayapange katika mafungu, bila kuyajibu. Wanafunzi waliokuwa ndio wanaanza somo hilo chuoni waliyapanga kwa sura: maswali yenye mteremko yakawekwa pamoja, yenye kapi pamoja, yenye springi pamoja. Waliobobea waliyapanga kwa kanuni. Swali la mteremko na swali la springi yaliweza kuangukia fungu moja kwa sababu yote mawili yanahusu nishati isiyopotea. Yaani anayeanza huona vitu, naye mjuzi huona sheria inayovitawala vitu hivyo.

Tofauti hiyo inaonekana wazi mtu akilichukua swali moja la kawaida na kulifuata hatua kwa hatua. Tuseme matatu inakwenda kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa katika barabara iliyonyooka. Dereva anamwona ng’ombe amesimama barabarani, mita 75 mbele yake. Inamchukua dereva sekunde 1 kabla ya mguu wake kukanyaga breki, na breki hizo zinaipunguzia gari kasi ya mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde. Je, ng’ombe atapona?

Mwanafunzi mwenye haraka anakumbuka kuna mlinganyo wenye mraba wa kasi. Anachukua 80, anaizidisha kwa 80, anagawanya kwa 10, kisha anaandika kwamba gari litasimama baada ya mita 640. Anapiga mstari chini ya jibu na kuliendea swali linalofuata. Mita 640 ni takriban urefu wa viwanja sita vya kandanda vilivyopangwa kimoja mbele ya kingine. Hakuna abiria aliyewahi kuona matatu ikifunga breki zake barabara na bado ikateleza viwanja sita. Mwanafunzi huyo mwenyewe hupanda matatu kila siku, ila ameingia katika chumba cha mtihani na kuyaacha macho yake nje.

Anayejua kazi hii haanzi na fomula. Anaanza na mchoro, hata uwe mbovu kiasi gani: mstari wa barabara, kisanduku cha gari, ng’ombe upande wa kulia, na mshale unaoonyesha gari linaelekea wapi. Anapochora ndipo anapogundua jambo ambalo maneno ya swali yalikuwa yamelificha, kwamba safari hii ina vipande viwili. Kipande cha kwanza ni ile sekunde moja ambayo dereva ameona lakini bado hajakanyaga. Katika muda huo gari linaendelea kwa kasi ile ile. Kipande cha pili ni baada ya breki kukamata. Vipande hivi vinatawaliwa na masharti tofauti, na hakuna mlinganyo mmoja wa mwendo unaoweza kuvimeza vyote kwa pamoja. Makosa mengi ya milinganyo hii huzaliwa hapa, mtu anapolazimisha mlinganyo mmoja ubebe matukio mawili.

Kisha vinakuja vipimo. Swali limetoa kasi kwa kilomita na saa, na breki kwa mita na sekunde. Kabla ya kuchanganywa lazima viongee lugha moja. Kilomita ni mita 1,000 na saa ni sekunde 3,600, kwa hivyo kilomita kwa saa hugawanywa kwa 3.6 ili kupata mita kwa sekunde. Kilomita 80 kwa saa zinakuwa mita 22.2 kwa sekunde. Katika sekunde ya kwanza, basi, matatu inakwenda mita 22.2 huku dereva akiwa bado hajafanya lolote.

Sasa kipande cha pili. Mwanafunzi anaandika anachokijua: kasi ya mwanzo, u, ni 22.2, kasi ya mwisho, v, ni sufuri kwa sababu gari limesimama, mchapuko, a, ni 5 ukiwa na alama ya kutoa, kwa sababu unapinga upande wa safari. Asichokijua na anachokitafuta ni umbali, s. Muda wa kufunga breki haujui na wala hajaulizwa. Hapo ndipo fomula inapojichagua yenyewe: katika milinganyo ya mwendo anayofundishwa, unaohitajika ni ule usio na muda ndani yake, v² = u² + 2as. Swali la “tutumie fomula gani” limejibiwa bila ya kumuuliza mwalimu.

Ni vyema aupange upya mlinganyo huo kwa herufi kabla ya kutia tarakimu. Kwa kuwa v ni sufuri, umbali wa kufunga breki ni mraba wa kasi ya mwanzo ukigawanywa kwa mara mbili ya nguvu za breki kupunguza kasi. Anayetia tarakimu hapo ndipo anapata mita 49.3. Akijumlisha na zile mita 22.2 za mwanzo, gari linasimama baada ya mita 71.5. Ng’ombe amepona kwa mita tatu na nusu.

Faida ya kuzitumia herufi kwanza inaonekana swali linapobadilishwa kidogo. Sheria zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, wakati marehemu John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, ziliyataka magari ya uchukuzi wa umma yawekewe vidhibiti mwendo visivyopita kilomita 80 kwa saa. Wapo madereva waliolalamika kwamba tofauti ya kilomita 20 si kitu. Mwanafunzi wa kidato cha tatu ana uwezo wa kuwajibu kwa penseli. Kilomita 100 kwa saa ni mita 27.8 kwa sekunde. Sekunde ya kwanza inakula mita 27.8, breki zinahitaji mita nyingine 77.3, na jumla ni mita 105. Kasi imeongezeka kwa robo tu, lakini umbali wa kufunga breki umeongezeka kwa zaidi ya nusu, kwa sababu kasi imo katika mlinganyo ikiwa imezidishwa kwa yenyewe.

Na ng’ombe je? Alikuwa mita 75 mbele. Zikitolewa mita 27.8 za sekunde ya kwanza, zimebaki mita 47.2 za kufunga breki. Mlinganyo ule ule unatoa kasi ya mita 17.3 kwa sekunde mahali aliposimama ng’ombe, ambayo ni takriban kilomita 62 kwa saa. Hili ndilo linalowashangaza wengi. Dereva aliyekuwa amezidisha kilomita 20 tu hamgusi ng’ombe kwa kilomita 20 kwa saa. Anamgonga kwa kilomita 62.

Suala la vipimo lililotajwa hapo juu wanafunzi wengi huliona kuwa ukali usio na maana wa watahini. Mnamo Julai 23, 1983, ndege ya shirika la Air Canada aina ya Boeing 767 iliishiwa na mafuta ikiwa angani nchini Kanada. Ilihitaji kilo 22,300 za mafuta. Wakati huo nchi hiyo ilikuwa ikihamia mfumo wa kilo na lita, na waliokokotoa mafuta walitumia tarakimu 1.77, ambayo ni ratili katika kila lita, wakidhani ni kilo. Ndege iliruka ikiwa na ratili 22,300, ambazo hazifikii nusu ya kilo zilizotakiwa. Rubani aliielea hewani bila injini hadi akatua katika uwanja wa zamani wa kijeshi huko Gimli, na hakuna aliyekufa. Hesabu yao ya kuzidisha na kugawanya haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa katika neno dogo linaloandikwa baada ya tarakimu.

Kuna maswali ambayo mchoro na vipimo pekee havitoshi, kwa kuwa kikwazo kiko ndani ya kichwa cha mwanafunzi hata kabla hajaingia darasani. Chukua mfano wa msukuma mkokoteni katika soko la Gikomba. Mkokoteni na shehena yake una kilo 300. Anausukuma kwa nguvu ya newtoni 240 kwenye sakafu tambarare, nao unakwenda kwa kasi isiyobadilika. Nguvu ya msuguano inayoupinga mkokoteni ni newtoni ngapi?

Wengi watajibu kwamba ni chini ya 240, wakieleza kuwa lazima msukumo uushinde msuguano, la sivyo mkokoteni ungesimama. Wengine wataona kilo 300 zimetajwa, wazitie mahali fulani kwa kuamini kwamba swali halitoi tarakimu bure. Jibu ni 240 kamili, na zile kilo hazina kazi hapa. Kitu kinachokwenda kwa kasi isiyobadilika katika mstari ulionyooka kina nguvu zinazolingana pande zote. Hivyo ndivyo inavyosema sheria ya kwanza ya Isaac Newton, iliyochapishwa mwaka 1687. Nguvu ikizidi upande mmoja, mkokoteni hauendi tu bali unazidi kushika kasi.

Mwanafunzi asilaumiwe kwa kuona vinginevyo. Maisha yote amesukuma vitu vikasimama punde alipoviacha, akahitimisha kwamba mwendo huhitaji nguvu ya kuuendesha. Aristotle aliamini mambo yanayokaribiana na hayo, na ilichukua karne nyingi hadi akina Galileo na Newton kuonyesha kuwa kinachousimamisha mkokoteni ni msuguano, wala si ukosefu wa msukumo. Aidha, msukuma mkokoteni mwenyewe anajua kuwa kuung’oa mkokoteni uliosimama kunahitaji nguvu kubwa kuliko kuuendeleza. Ni kweli, kwa kuwa wakati wa kuanza kuna kasi inayoongezeka, na msuguano wa vitu vilivyotulia huwa mkubwa kuliko wa vitu vinavyosogea. Swali, hata hivyo, lilikuwa juu ya kuuendeleza.

Dawa ya swali la namna hii ni mchoro wa aina nyingine. Mkokoteni huchorwa peke yake kama kisanduku, bila barabara wala msukumaji, kisha kila nguvu inayougusa hutiwa mshale: uzito kwenda chini, sakafu ikiubeba kwenda juu, msukumo mbele, msuguano nyuma. Kila mshale sharti uwe na mwenyewe, yaani kitu kinachotoa nguvu hiyo. Mwanafunzi anayetaka kuongeza mshale wa “nguvu ya mwendo” ajiulize ni nani anayeutoa. Akikosa jibu, aufute. Kwa mchoro huo sehemu ya pili ya swali huwa nyepesi: msukumaji akiongeza nguvu hadi newtoni 300, zinazobaki bila kupingwa ni 60. Hapa ndipo kilo 300 zinapoingia kazini, na 60 ikigawanywa kwa 300 ni 0.2. Mkokoteni utaongeza kasi ya mita moja tu kwa sekunde baada ya sekunde tano, mwendo ambao mtu yeyote aliyewahi kuukwepa mkokoteni sokoni atauamini.

Mtego kama huo umo katika swali la mpira unaorushwa juu. Ukifika kileleni, kasi yake ni sufuri, na mwanafunzi huandika kwamba mchapuko nao ni sufuri. Kama ingekuwa hivyo, mpira ungebaki pale pale hewani. Kasi imefika sufuri kwa nukta moja ya wakati. Mvutano wa dunia haukupumzika hata kidogo, nao ni mita 10 kwa sekunde kila sekunde kuelekea chini, kwa makadirio yanayotumiwa katika mitihani yetu.

Kwamba mtu anaweza kukokotoa vyema bila ya kuelewa si jambo la shule za kijijini pekee. Mapema katika miaka ya 1990, Profesa Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwapa wanafunzi wake maswali mepesi ya maelezo, likiwamo la lori zito linalogongana na gari dogo: ni lipi linalolisukuma lenzake kwa nguvu zaidi? Nguvu hizo ni sawa, kwa mujibu wa sheria ya tatu ya Newton. Wengi waliomudu hesabu ngumu walilikosa swali hilo, na Mazur akaibadilisha namna yake ya kufundisha, akiwapa wanafunzi nafasi ya kujadiliana wao kwa wao kabla ya kuwapa jibu.

Hatua inayodharauliwa kuliko zote ni ile ya mwisho, ya kulitazama jibu. George Pólya, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria, aliitaja katika kitabu chake cha mwaka 1945 kuhusu kutatua matatizo: kuelewa swali, kupanga njia, kuifuata, kisha kugeuka nyuma. Kugeuka nyuma huchukua nusu dakika. Tuseme birika la umeme la wati 2,000 linachemsha lita moja na nusu ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100. Kilo 1.5 zikizidishwa kwa 4,200 na kwa 80 ni jouli 504,000. Zikigawanywa kwa 2,000 ni sekunde 252, dakika nne na ushei. Aliyetia gramu 1,500 badala ya kilo 1.5 atapata sekunde 252,000, ambazo ni saa 70. Hakuna nyumba inayosubiri chai kwa karibu siku tatu. Na aliyepata dakika nne anaweza kwenda jikoni na saa mkononi, akagundua kuwa birika lake linachelewa kidogo kwa sababu sehemu ya joto inapotelea kwenye chombo na hewani.

Kuhusu mazoezi, yapo mengi yanayofanywa bila faida. Vitabu vya maswali na majibu vimejaa madukani, na mwanafunzi huketi navyo usiku akisoma majibu yaliyokwisha kuandikwa, kila mstari ukimwingia akilini kwa ulaini. Asubuhi karatasi tupu inamshinda. Kumtazama fundi akipiga randa hakumfanyi mtu kuwa seremala. Inafaa zaidi alifunike jibu, ajaribu, akwame, afunue mstari mmoja, kisha alifunike tena. Maswali matano kwa njia hiyo yana uzito kuliko hamsini yaliyosomwa tu. Kilio cha ukosefu wa maabara katika shule nyingi ni cha haki, na serikali inapaswa kukijibu, lakini michoro yote iliyoelezwa hapa inahitaji penseli na karatasi. Tena watahini hutoa alama kwa hatua: aliyechora, akaandika mlinganyo na kutia tarakimu ipasavyo huvuna kitu hata jibu la mwisho likimponyoka.

Anayetaka kujipima arudi kwenye matatu ile ya kilomita 80 kwa saa na ng’ombe wa mita 75. Mvua imenyesha, lami inateleza, na breki sasa zinapunguza kasi kwa mita 2.5 kwa sekunde kila sekunde, nusu ya awali. Mengine yote yabaki yalivyokuwa. Gari litahitaji umbali gani ili lisimame, na litamfikia ng’ombe likiwa na kasi gani? Achore kwanza, atenganishe vile vipande viwili, ndipo atie tarakimu. Majibu ni takriban mita 121, na kilomita 54 kwa saa.